Kipande Kilichobaki Kichwani

Binti yangu alikuwa na mdomo. Nasema hivyo kwa upendo, lakini nasema kweli. Aliamka akiongea, akaoga akiongea, akala akiongea mpaka ugali ukapoa, na usiku nikimfunika blanketi alikuwa bado ananieleza jinsi kuku wa jirani alivyomtazama vibaya. Babu yake, yaani baba wa mume wangu, alimwita redio. Akitoka shuleni alitupa mkoba mlangoni, akakatiza kwenye majani chai mpaka kwa mzee, na sisi huku juu tukasikia matangazo yameanza. Mzee alimsikiliza kwenye kigoda chake, kofia yake ya pama kichwani, na mara moja moja aliuliza swali ili taarifa isiishe upesi.

Jioni zile nazikumbuka hata leo. Kwetu ni upande wa Sironga, na saa kumi na moja mvua ikishapita ardhi hutoa harufu ambayo sijaikuta kwingine. Mume wangu alikuwa karani wa kituo cha kupokea majani chai, akirudi na vidole vimekuwa rangi ya kahawia. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili, darasa la sita, na rundo la insha la kusahihisha mezani. Nilidhani shida zangu ni zile insha. Kumbe nilikuwa na raha na sijui.

Ile pama ya mzee lazima niieleze. Sikuwahi kumwona bila hiyo. Mgusii aliyelelewa vizuri ana kitu kinaitwa chinsoni, ile heshima ya kuoneana haya baina ya watu fulani wa ukoo, na hakuna mahali inapokaza kama baina ya mke na baba mkwe wake. Hamshikani mikono. Hamtazamani usoni. Yeye haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, hata mvua ya mawe ikimkuta mlangoni. Nilikuwa nimeolewa miaka kumi na mmoja, na mzee alikuwa amekuja kwetu mara nyingi sana, lakini siku zote alikomea uani. Nilimletea chai, nikaiweka juu ya kigogo, nikarudi nyuma hatua tatu ndipo naye akaichukua.

Kwa hiyo ni kwa kusikia tu nilijua kwamba chini ya pama kulikuwa na shimo. Akiwa kijana hajaoa aliangukiwa na boriti walipokuwa wakijenga, akaumwa na kichwa miaka miwili hata akatamani kufa. Ndugu zake wakampeleka kwa mpasuaji wa vichwa aliyeishi nyuma ya Keumbu. Zamani watu wetu walikuwa na mafundi wa kazi hiyo, waliorithi kwa baba zao. Walichana ngozi ya kichwa wakakwangua mfupa kwa kisu kidogo, polepole, mchana kutwa, ndugu wa mgonjwa wamemkalia miguu. Dawa ya usingizi haikuwepo. Mzee alipona, akaoa, akazaa, akawa mzee wa kanisa, na jambo hilo hakulizungumza. Mimi na cheti changu cha ualimu niliona ni mambo ya giza, na nilishukuru Mungu kwamba pama ilikuwa pana.

Redio ilipokuwa na miaka saba ilianza kuamka na maumivu ya kichwa. Alilia asubuhi, akatapika, kisha kufika saa nne yuko sawa anaruka kamba. Sasa mwalimu gani hajui ugonjwa unaokwisha wakati wa mapumziko? Nilimwambia aache kudeka. Nikamwambia mtoto wa mwalimu hapaswi kukwepa shule. Siku moja nilimburura kwa mkono mpaka langoni na matapishi bado kwenye sweta, na kama kuna siku moja ningepewa nirudie, ni ile.

Tukampa dawa za minyoo, za malaria, za taifodi, kila mtu na ushauri wake. Mama yangu kule Mosocho alisema ni meno ya utu uzima. Kisha mtoto akaanza kutembea ameachanisha miguu kama mlevi, akianguka upande mmoja. Daktari mmoja kijana, Mungu ambariki popote alipo, ndiye aliyemwambia atembee juu ya mstari wa sakafu. Hakuweza hatua tatu. Yule kijana akammulika macho, akaandika tupelekwe Kisii mjini tukapigwe picha ya kichwa siku hiyo hiyo.

Daktari wa upasuaji hakuwa mtu wa kwetu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili. Alikuwa mtu mfupi, mpole, na hakutukalisha ng'ambo ya meza. Alivuta kiti akakaa nasi, akachora kwa kalamu juu ya bahasha ya picha. Uvimbe ulikuwa nyuma, chini, pale ubongo unaposhughulikia kusimama na kutembea. Ulikuwa umeziba njia ya maji ya kichwani, na maji hayo ndiyo yaliyokuwa yakimpiga kila asubuhi. Angeweza kuweka mrija tu, maji yateremke tumboni, kichwa kitulie, turudi naye nyumbani. Lakini uvimbe ungeendelea kukua. Au angefungua kichwa autoe. Hapo hatukuhitaji kuambiwa mara mbili, tukasema afungue.

Ndipo akafika kwenye lile lililomfanya avute kiti. Alichora kitu kama shina la mgomba, akasema hapo ndipo pumzi inapotawaliwa, na kumeza, na njia ya sauti. Uvimbe ulikuwa umeegemea pale. Picha haikuonyesha kama umeegemea tu au umeshikana nalo. Akasema, "Nikikuta umeshikana, nina njia mbili. Niufuate mpaka mwisho, pengine niutoe wote, na pengine mtoto asimeze tena wala asiongee. Au niache kipande, abaki alivyo, na kile kipande pengine kikue."

Aliongeza kwamba mwisho macho yake ndiyo yangeamua, akishafika ndani. Ila kuna mahali pa kuamua ambapo yeye hataki kuwa peke yake, na katikati ya kazi hawezi kutoka kutuuliza. Alitaka kujua mioyo yetu imesimama wapi. Ilikuwa Ijumaa. Alitupa mpaka Jumatatu asubuhi, akampa mtoto dawa ya kupunguza uvimbe, akaturuhusu twende naye nyumbani kwa siku hizo mbili.

Mimi nilikuwa na jibu kabla hajafunika kalamu. Atoe yote. Nimelima tangu nikiwa mdogo, na naijua sangari, lile gugu lisilokufa. Ukiacha mzizi wake mmoja shambani, umejilisha upepo. Mvua ikinyesha mara mbili imekurudia. Nilimwambia hivyo mume wangu tukiwa bado kwenye ngazi za hospitali. Akanijibu kwamba tumngoje mzee.

Weh. Nilimgeukia pale pale mbele za watu. Nikamuuliza kama mzee amesomea udaktari, au kama mtoto ni wa mzee. Nikamwambia babake atatukatalia, maana mtu aliyekwanguliwa kichwa akiwa macho hawezi kumtakia mjukuu wake kisu. Mume wangu si mtu wa kelele. Alimwinua mtoto begani, akasema jambo la kichwa halikatwi na watu wawili, akaendelea kushuka ngazi. Sikumsemesha mpaka nyumbani.

Jumapili baada ya kanisa mzee alipanda kwetu kwa fimbo yake. Nilikuwa nikipepeta maharagwe uani, nimejiandaa kwa vita. Mtoto alikuwa amelala kivulini, dawa ikimpa nafuu. Mzee alikaa kwenye kigogo, akamsikiliza mwanawe akieleza kila kitu, mrija, shina, kipande, yote. Nami nikamaliza kupepeta, nikaanza kupepeta tena maharagwe yale yale.

Alivua pama.

Nilitazama chini upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu kwa makosa. Lakini aliniita mokamwana, mke wa mwanangu, akasema nitazame. Kichwa kilikuwa kipara, kinang'aa mafuta ya kukamulia ng'ombe aliyojipaka, na upande wa kushoto kulikuwa na bonde la upana wa vidole vitatu. Akainamisha kichwa kwangu. Akaniambia niweke mkono.

Nilimtazama mume wangu. Naye alikuwa ametazama majani chai, shingo imekakamaa. Nikajifuta vumbi la maharagwe kwenye leso, nikaweka vidole viwili. Ngozi ilizama kidogo, laini, na chini yake kulikuwa na kitu kinapiga, taratibu, kikipanda na kushuka. Pembeni ya bonde, ndani kabisa, nilihisi kitu kigumu chenye ncha.

"Hicho ni mfupa uliovunjika," mzee alisema. "Ndugu zangu walimwambia yule fundi akitoe, amalize. Akakataa. Alisema kimelala juu ya ngozi ya ubongo, akikivuta atanivuta na mimi. Kabla yangu alipasua mtu mwingine, na ndugu za huyo wakamlazimisha asafishe kabisa. Huyo hamkumjua. Mimi watu wanasema nilipona. Sikupona, mokamwana. Niliachiwa."

Kisha alivaa pama yake, akaomba chai.

Tamaa mbele, mauti nyuma. Nilikuwa nimeifundisha methali hiyo miaka mingi, nikiwachora watoto alama nyekundu wakiitumia vibaya, na sikuwahi kuifikiria mbali na ubao. Usiku ule nililala na vidole vyangu viwili juu ya kifua, bado vinahisi kile kitu kinapiga. Sikutaka kukubali. Nilitaka kichwa cha mwanangu kiwe safi kama sahani. Alfajiri ya Jumatatu, tukiwa njiani, nilimwambia mume wangu kwamba mimi ndiye nitakayemwambia daktari. Nikamwambia daktari aache kipande kama itabidi, na nikaona mabega ya daktari yakishuka.

Walikuwa ndani kwa muda wa saa saba. Daktari alipotoka alikuwa na alama ya kamba za barakoa mashavuni. Alisema uvimbe ulikuwa umeshikana kweli, akaacha kipande kama punje ya mahindi. Alisema alikuwa ameanza kukifuata, mpigo wa moyo wa mtoto ukayumba, akaacha. Siku kumi baadaye maabara wakasema ni uvimbe wa aina ya polepole, ambao mtu anaweza kukaa nao akiuchunga. Ningepaswa kupiga magoti nishukuru.

Sikushukuru, kwa sababu mtoto alikuwa haongei. Aliamka, akafungua macho, akameza uji kijiko kwa kijiko, akatufuata kwa macho, lakini sauti haikutoka hata ya kulia. Daktari alikuwa ametuonya kwamba mara nyingine hutokea hivyo wakigusa sehemu ile, na kwamba kwa kawaida sauti hurudi. Kawaida! Juma la kwanza, la pili, la tatu. Tuliacha kipande ili aongee, sasa kipande kipo na maneno hayapo. Mshika mbili moja humponyoka, lakini mimi nilikuwa nimeponyokwa na zote mbili.

Hasira inatafuta pa kulala, na yangu ililala kwa mzee. Tuliporudi nyumbani sikumletea chai. Alipanda asubuhi, akakaa kwenye kigogo, nami nikapita na ndoo zangu kama sijamwona. Mke wa Kigusii kumnyima baba mkwe chai mbele ya boma zima! Mume wangu alinisihi. Nikamwambia akampikie mwenyewe. Kesho yake mzee alirudi, na kesho kutwa, kila siku saa tatu jua likishapanda, na kazi yake ilikuwa moja tu. Aliomba mtoto aletwe nje, aketishwe juani mbele yake.

Siku ya nne nilimsikia akimweleza mwanawe sababu. Alisema redio haijavunjika, ni mawe, zile betri zake, yameisha. Na mawe ya redio yakiisha, mtu hatupi redio, anayaanika juani. Mume wangu alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu hospitali, nami nikaingia jikoni nikalia kwa hasira, kwa sababu hata mimi nilitaka kucheka.

Basi wakaanika. Mzee alimwambia habari zote alizokuwa akiambiwa zamani, ya kuku wa jirani, ya ng'ombe, ya nani amekata mti wa nani. Aliziharibu makusudi. Alisema kuku alikuwa mwekundu na kila mtu anajua ni mweusi, kisha akangoja asahihishwe. Mtoto alimtazama tu. Alikuwa amenyolewa, kovu limeshuka kisogoni mpaka shingoni, na shingo yenyewe nyembamba kama mkono wa mwiko.

Lilikuwa juma la sita. Upepo wa baridi ulikuja ghafla kutoka upande wa mlima na mawingu yakafunika jua. Nilikuwa naanua nguo. Mzee aliona kichwa kile kitupu kinapigwa na baridi, na bila kufikiri, nami nipo pale, alivua pama yake mara ya pili, akamvika mtoto. Ilimfunika mpaka puani. Chini ya ukingo wake tukaona mdomo unakunjamana, unahangaika, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni.

"Inanuka," akasema.

Sauti ilikuwa nzito, ya kuburura, si ile yake. Kisha akavuta pumzi akamalizia, kwa sababu yeye hakuwahi kuacha jambo katikati. "Sokoro, kofia yako inanuka."

Sokoro ni babu. Mzee alicheka mpaka akakohoa, kipara wazi, machozi yakimtoka, akisema redio imeshika, redio imeshika. Mimi niliketi chini kwenye nyasi zenye maji, nguo safi zote mikononi. Nilipoweza kusimama niliingia ndani nikapika chai, maziwa mengi, sukari kama anavyopenda. Sikuiweka kwenye kigogo. Nilimpa mkononi, akaipokea mkononi.

Tangu siku hiyo wale wawili walikuwa na mchezo wao. Yeye alimpapasa babu bonde lake, babu akampapasa yeye kovu, na walibishana la nani ni kubwa. Maneno yalirudi moja moja, kisha kumi kumi, kisha nikaanza tena kumwambia ale kwanza ugali usipoe. Bado akichoka huburura sauti, na mkono wa kulia haumtii vizuri, kwa hiyo huandika herufi kubwa kubwa. Yuko gredi ya tisa sasa. Walimu wenzangu wananiambia ana mdomo, nami najifanya naona haya.

Kila mwaka tunarudi Kisii kupiga picha. Kila mwaka juma moja kabla silali. Daktari anaweka picha mpya kando ya za zamani, anapima ile punje, na mimi natazama uso wake badala ya picha. Kwa miaka hiyo yote mzee alitungoja kwenye kigogo changu, na swali lake lilikuwa lile lile, kama kile kilichoachwa bado kimekaa kwa adabu. Tukamjibu kimekaa, akagonga pama yake kwa kidole, akasema hata changu.

Mwaka jana mvua za masika zilipoanza, alilala hakuamka. Alikuwa amekula, ameomba, amefunga mlango mwenyewe. Alikuwa ameacha neno kwamba pama ni ya redio. Binti yangu aliibeba kutoka mazishini kwa mikono miwili, akaiingiza ndani, akaitundika kwenye msumari sebuleni, juu ya kiti cha baba yake. Mzee mwenyewe hakuwahi kuvuka kizingiti changu hata siku moja. Sikuitoa.

Juma lililopita tulienda kwa picha, ya kwanza bila yeye kutungoja. Daktari siku hizi huvaa miwani. Alipima, akapima tena, akasema punje ni ile ile, na kwamba sasa tunaweza kukaa miaka miwili kabla ya kurudi. Nilimshika mkono. Tulifika nyumbani saa kumi na moja, mvua imeshapita. Kigogo kilikuwa pale uani, kimelowa, na hapakuwa na mtu wa kuuliza swali.

Binti yangu hakuongea, naye ndiye redio. Alienda sebuleni akaangua pama kwenye msumari. Aliitia uso wote ndani, akakaa hivyo muda mrefu, mabega yametulia. Alipouinua uso ulikuwa umelowa.

"Mama," akasema, "hainuki tena."

Nikaichukua, nikatia uso wangu pia. Ilikuwa kweli.